Mtoto Aliyechelewa Kulia: Damu Yake Inasema Nini, na Inasema Lini?

Katika wodi za wazazi za Afrika Mashariki, mtoto anayezaliwa bila kulia husemwa kuwa amechoka, na miaka kadhaa baadaye mama yake, akiulizwa kliniki kwa nini mwanawe hajaweza kukaa wala kushika kikombe, hujibu kwa maneno ambayo wauguzi wamekwisha kuyazoea, kwamba mtoto alichelewa kulia. Maneno hayo ni mafupi, lakini yamebeba swali ambalo tiba ya watoto wachanga imelihangaikia kwa zaidi ya karne moja na nusu: kati ya watoto wote waliokosa hewa ya oksijeni wakati wa kuzaliwa, ni yupi atakayepona kabisa, ni yupi atakayefariki, na ni yupi atakayeishi na mtindio wa ubongo, degedege au upofu? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa mwaka 2010 watoto wapatao milioni 1.15 duniani walipata ugonjwa wa ubongo uletwao na matatizo ya uzazi, ambao madaktari huuita ensefalopathia ya mtoto mchanga, na kwamba 96 kati ya kila 100 walizaliwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wengi sasa wanalitafuta jibu katika damu, kwa kupima vitu ambavyo kiasi chake hupanda au hushuka mwili unapoumizwa na ukosefu wa oksijeni. Vitu hivyo huitwa viashiria.

Ubishi kuhusu chanzo cha madhara hayo ni wa zamani kuliko viashiria vyenyewe. Mwaka 1861 daktari William John Little aliwaeleza wakunga na madaktari wa London kuwa uzazi mgumu na kukosa pumzi ndiko kunakowafanya baadhi ya watoto wakue wakiwa na viungo vilivyokakamaa. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye kabla ya kujulikana kwa nadharia zake za nafsi alikuwa daktari wa neva, alimpinga kwa kusema kuwa uzazi mgumu huenda wenyewe ukawa dalili tu ya hitilafu iliyoanza zamani, mtoto akiwa bado tumboni. Hoja hizo mbili zinafaa kukumbukwa, kwa sababu swali la nini kilitokea haliwezi kutenganishwa na swali la kilitokea lini, na hilo la pili ndilo ambalo damu hulijibu vizuri zaidi.

Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma, na kondo hilo likibanduka mapema, au kitovu kikibanwa, au uchungu ukawa mkali na mrefu kupita kiasi, seli zake hulazimika kuvunja sukari bila oksijeni, njia ambayo hutoa sehemu ndogo tu ya nishati na kuacha asidi ya laktiki ikirundikana katika damu. Mwili haukubali kushindwa upesi: hupunguza damu iendayo kwenye figo, ini, utumbo na ngozi ili moyo na ubongo vipate cha kwanza, na ni pale tu hifadhi hiyo inapokwisha ndipo seli za ubongo zinapoanza kufa. Hata hivyo, seli nyingi hazifi papo hapo. Mtoto akisaidiwa kupumua, ubongo hupata nafuu ya muda, na baada ya saa kadhaa huja wimbi la pili la uharibifu, ambapo vinu vidogo vya nishati ndani ya seli huzimika, kalsiamu huingia kwa wingi na uvimbe huenea, hali inayoweza kuendelea kwa siku mbili au tatu. Kipindi cha nafuu hiyo ndicho kilichowapa madaktari nafasi ya kutibu, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa saa sita tangu mtoto azaliwe.

Tiba iliyothibitika katika nchi tajiri ni kumpoza mtoto mwili mzima hadi nyuzi joto 33.5 za Selsiasi kwa saa 72, kisha kumpasha joto polepole. Majaribio 11 yaliyowahusu watoto 1,505, yalipojumlishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa kwa kila watoto saba hivi wanaopozwa, mmoja huokolewa na kifo au ulemavu mkubwa ambao ungempata. Faida hiyo si ndogo, lakini ni ya yule anayewahiwa na anayehitaji, na ugumu wote umo katika kumtambua ndani ya saa hizo sita, wakati ambapo mtoto aliyeumia sana na yule aliyechoka kidogo wanaweza kulala kitandani wakifanana.

Vipimo vya kawaida vya kitandani vina heshima yake. Alama za Apgar, zilizochapishwa na daktari Virginia Apgar wa New York mwaka 1953, humpa mtoto kati ya 0 na 10 kwa kuangalia mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio na rangi, nazo zilikusudiwa kuonyesha nani asaidiwe mara moja, wala hazikuwahi kukusudiwa kutabiri maisha ya mtoto. Mwaka 1976 Harvey na Margaret Sarnat waliugawa ugonjwa wa ubongo katika hatua tatu kufuatana na fahamu, misuli na degedege, na mwaka 1997 madaktari wa Cape Town walitoa alama za Thompson, zinazojumlishwa hadi 22 na ambazo muuguzi mwenye mazoezi anaweza kuzihesabu bila mashine yoyote. Udhaifu wa mbinu hizo ni kwamba hali ya mtoto hubadilika saa kwa saa, dawa za kuzuia degedege humlegeza na kuzificha dalili za ugonjwa, na wachunguzi wawili wanaweza kutofautiana juu ya mtoto mmoja. Picha ya ubongo ya MRI husema mengi na kwa uhakika mkubwa, ila husema baada ya siku kadhaa, na mashine yake haipo katika hospitali nyingi za wilaya.

Kiashiria kikongwe na rahisi kuliko vyote ni ile asidi yenyewe. Kitovu kina mishipa mitatu, miwili ya ateri na mmoja wa vena, na damu ya ateri, ambayo hutoka kwa mtoto kwenda kwenye kondo, ndiyo inayoonyesha hali aliyokuwa nayo mtoto dakika chache kabla ya kuzaliwa. Anayechota damu ya vena kwa bahati mbaya hupima zaidi kazi ya kondo kuliko hali ya mtoto. Kiwango cha pH cha 7.0 au chini yake ni mojawapo ya vigezo vilivyotumika kuwachagua watoto wa kupozwa. Asidi ya laktiki nayo inaweza kupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachotumia tone moja la damu, kama kile cha kupimia sukari, na kasi yake ya kushuka katika saa zinazofuata husema zaidi kuliko kipimo cha mara moja, kwa kuwa mtoto ambaye asidi yake inakataa kushuka ni mtoto ambaye mzunguko wake wa damu bado haujarudi sawasawa. Lakini asidi ni ushahidi wa dakika za mwisho tu. Watoto wengi wanaozaliwa na pH ya chini bila dalili za ubongo hukua vizuri, na wengine wenye asidi ya wastani huharibikiwa.

Kinachosimulia siku zilizotangulia ni chembe changa za damu. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini, lakini mtoto tumboni akikosa oksijeni kwa muda, mwili wake hutoa kwa wingi homoni ya erithropoietini, ambayo huamrisha uboho na ini kuzalisha chembe haraka kiasi kwamba nyingine hutoka kabla hazijapoteza viini vyao. Kwa mtoto mzima aliyetimiza miezi, chembe hizo kwa kawaida hazizidi 10 katika kila chembe nyeupe 100, na hutoweka ndani ya siku chache za mwanzo. Zikiwa nyingi mno, au zikiendelea kuwapo, uwezekano wa madhara ya ubongo huongezeka. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinahitaji kioo, rangi, hadubini na mtaalamu wa maabara mwenye subira, vitu ambavyo hospitali ya wilaya inavyo tayari kwa ajili ya malaria. Kasoro zake ni mbili: mashine za zamani za kuhesabia damu huzichanganya chembe hizo na chembe nyeupe, na kisukari cha mama, kuzaliwa njiti au kutopatana kwa makundi ya damu ya mama na mtoto huziongeza pia. Hata hivyo inasikitisha kwamba kipimo cha bei ndogo namna hii kimepewa nafasi finyu kuliko vile vinavyohitaji mashine za mamilioni.

Kundi linalovutia watafiti wengi zaidi ni protini za ubongo wenyewe, kwa maana kwamba protini inayopaswa kukaa ndani ya seli za ubongo, ikionekana katika damu, huashiria kuwa seli hizo zimevuja au zimekufa. Protini ya S100B hutoka katika seli zinazozitunza neva, na inaweza kupimwa hata katika mkojo, ingawa hutoka pia katika mafuta ya mwili. Kimeng'enya kiitwacho NSE hutoka katika neva, lakini kimo vilevile katika chembe nyekundu za damu, na yeyote aliyewahi kumtoa mtoto mchanga damu kisiginoni anajua jinsi chembe hizo zinavyopasuka kwa urahisi zinapokamuliwa, na hapo majibu hupanda bila ubongo kuwa na kosa. GFAP ni protini ya ubongo hasa, na katika tafiti kadhaa viwango vyake vya juu katika siku za mwanzo viliendana na majeraha yaliyoonekana baadaye katika MRI. Pamoja na UCH-L1, itokayo katika neva, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2018 kama kipimo cha damu kwa watu wazima walioumia kichwa, ili kuamua nani apigwe picha. Ruhusa hiyo haikuwahusu watoto wachanga. Mnyororo mwepesi wa neurofilamenti, unaojulikana kwa kifupi cha NfL, ni kipande cha uzi unaoushikilia mkia mrefu wa neva, na mashine za kisasa huweza kukitambua kikiwa kidogo mno. Kasoro yake ni kwamba hupanda taratibu, na mara nyingi husema kwa sauti siku ya pili au ya tatu, mlango wa kupoza ukiwa umekwisha kufungwa.

Viungo vingine navyo hutoa ushahidi, na huu hupatikana karibu kila maabara. Kwa sababu figo na ini ndivyo vilivyonyimwa damu ili ubongo uokolewe, vimeng'enya vya ini na kile kiitwacho LDH hupanda, troponini huonyesha moyo ulioumia, na kreatinini huonyesha figo zilizochoka, isipokuwa kwamba kreatinini ya siku ya kwanza huwa bado ni ya mama na haifai kusomwa kama ya mtoto.

Mtu akivipanga viashiria hivi vyote kwa wakati wake, hugundua kuwa havishindani kama majarida ya sayansi yanavyopenda kuvionyesha. Kila kimoja ni saa inayosoma wakati wake: chembe zenye viini husimulia siku kabla ya uchungu, asidi husimulia dakika za mwisho, protini za ubongo husimulia saa na siku baada ya kuzaliwa, na kreatinini hufuata nyuma. Umuhimu wa kusoma wakati huo ulijitokeza kwa namna ya kutisha katika jaribio la HELIX, lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408 na kuchapishwa mwaka 2021. Tiba ileile iliyookoa watoto Ulaya na Marekani haikupunguza kifo wala ulemavu. Badala yake, asilimia 42 ya waliopozwa walifariki, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wasiopozwa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, jaribio dogo katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, lililotumia chupa za maji kuwapoza watoto, lilikuwa limeonyesha vifo vingi zaidi kwa waliopozwa, ingawa watoto walikuwa 36 tu na hakuna aliyeweza kuhitimisha lolote.

Kwa nini? Sehemu ya jibu imetoka katika damu. Watafiti waliolinganisha utendaji wa jeni katika damu ya watoto wa Asia ya Kusini na ule wa watoto wa nchi tajiri waliripoti mwaka 2024 kuwa makundi hayo mawili yalitofautiana: kwa watoto wa nchi tajiri damu ilielekea kuonyesha ajali moja ya ghafla karibu na kuzaliwa, na kwa wale wa Asia ya Kusini ilifanana na hali ya mtu anayekosa oksijeni kidogo kidogo na kwa kurudiarudia, kwa muda mrefu. Hoja ya Freud imerudi ikiwa na ushahidi ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Ikiwa jeraha lilianza siku nyingi kabla ya saa sita za madaktari kuanza kuhesabiwa, kumpoza mtoto huyo huenda ni kuuongezea mzigo mwili ambao tayari umechoka. Nchini Uganda watafiti walikwisha kuonyesha kuwa maambukizi ya bakteria katika damu huambatana na ugonjwa huu wa ubongo kwa sehemu ya watoto wa Kampala, jambo linaloongeza sababu ya kutomchukulia mtoto wa Mulago kana kwamba ni mtoto wa London aliyezaliwa mbali.

Kuna mfano mmoja wa zamani unaoonyesha kuwa kiashiria kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kutabiri. Mwaka 1975 daktari Ola Didrik Saugstad wa Norway alipendekeza kupima haipozanthini, masalio ya nishati iliyovunjika, kama alama ya kukosa oksijeni. Kipimo chenyewe hakikuenea wodini. Lakini kwa kuifuatilia dutu hiyo alifikia wazo kwamba mtoto aliyekosa hewa akipewa ghafla oksijeni tupu, haipozanthini iliyorundikana husaidia kuzalisha chembe haribifu za oksijeni, na kwamba huenda hewa ya kawaida ikamfaa zaidi. Baada ya miaka mingi ya majaribio, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2010 ilikubali kuwa mtoto aliyetimiza miezi aanze kusaidiwa kwa hewa ya kawaida. Kwa hospitali isiyo na mtungi wa oksijeni, hiyo ilikuwa habari njema kuliko utabiri wowote.

Utabiri wenyewe una hatari ambayo haijadiliwi vya kutosha. Ichukuliwe, kwa hesabu ya mfano tu, kuwa watoto 100 waliochelewa kulia wamepimwa, kwamba 20 kati yao ndio watakaodhurika, na kwamba kipimo kinawatambua 16 kati ya hao 20 huku kikiwatia doa kimakosa 20 kati ya 80 wazima. Wazazi 36 wataambiwa kuwa mtoto wao yu hatarini, na zaidi ya nusu yao watakuwa wameogopeshwa bure, huku wazazi wanne wakiwa wametulizwa bila haki. Kipimo cha namna hiyo kinafaa kikitumika kuamua nani aangaliwe kwa karibu zaidi. Kikitumika kuamua nani aondolewe kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu mashine ni moja na watoto ni wawili, kinageuka hukumu, na hukumu hiyo hujithibitisha yenyewe, kwani mtoto aliyenyimwa tiba kwa kutabiriwa kufa atakufa, na takwimu zitasema kipimo kilikuwa sahihi. Namba ya maabara haipaswi kupewa mamlaka hayo popote, hasa katika wodi zenye uhaba, ambako kishawishi cha kuipa ni kikubwa.

Ni kweli pia kwamba kinga imekwisha kuonyesha matunda bila kiashiria chochote. Tanzania ilipowafundisha wakunga katika vituo vinane kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, iliyopewa jina la dakika ya dhahabu, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Hakuna tone la damu lililopimwa. Viashiria havitachukua nafasi ya mkunga aliye macho, bali vinamhusu mtoto ambaye mkunga amekwisha kumrudishia pumzi na ambaye sasa hakuna anayejua kinachoendelea ndani ya fuvu lake.

Kwa sababu hiyo, utafiti wa viashiria unapaswa kufanywa Kampala, Mwanza, Kisumu na Bujumbura, kwa damu ya watoto wanaozaliwa huko, kwa kuanzia na vipimo vilivyopo, yaani asidi ya laktiki, chembe zenye viini, LDH na kreatinini ya siku ya tatu. Gharama kubwa haiko katika maabara. Iko katika kumtafuta mtoto huyo tena akiwa na miezi 18 hadi 24, kwa kuwa kabla ya umri huo si rahisi kusema kwa uhakika kama ameumia, na kiashiria ambacho watoto wake hawakufuatiliwa hadi hapo hakijathibitisha lolote.

Mzazi naye asisubiri utafiti. Kama mtoto alichelewa kulia, jambo hilo liandikwe katika kadi yake ya kliniki na litajwe kila anapopelekwa, hata akionekana mzima. Mtoto ambaye hajakaza shingo akiwa na miezi minne, ambaye ngumi zake bado zimefumbwa wakati wote, ambaye miguu yake hukakamaa anapovalishwa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo wiki hiyohiyo.